Nani Atamwita Bi. Mwantumu

Njia ya kwenda Mwitiko haina hadithi. Shaweji Lukanga alisinzia, akaamshwa, akashuka na begi lake, basi. Hadithi inaanzia pale miguu yake ilipogusa ardhi ya mji ule mdogo, kwa kuwa hakumaliza hata kujinyoosha mgongo kabla hajavunja sheria.

Alikuwa ametumwa na Idara ya Mipaka na Vichwa ya nchi ya Tambarare. Nchi hiyo hutaiona kwenye ramani za shuleni, lakini nikianza kukueleza mambo yake utasema mbona unaijua. Kazi yake ilikuwa kuandika jiografia ya Mwitiko na idadi ya watu wake, kurasa mbili, zisizidi. Lukanga alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kisauti cha watu waliozeekea ofisini, ambako anayesema kwa nguvu hudhaniwa kuwa ana malalamiko.

Kosa lake lilikuwa kukatiza kipilefti. Katikati ya mji palikuwa na duara safi la maua, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na hakuna gari lililowahi kulizunguka tangu lijengwe. Lakini sheria ya Tambarare inasema mji mdogo, ili uitwe mji usiitwe kijiji, lazima uwe na kipilefti, daraja na mlima. Kwa hiyo watu wa Mwitiko hukizunguka kipilefti chao kwa miguu, kushoto kushoto, mwenye kuni kichwani, mwenye mbuzi, hata maharusi na ngoma zao. Anayekatiza huzungushwa mpaka uso wake uonyeshe majuto. Lukanga alizungushwa na begi lake begani, huku akina mama wa genge la nyanya wakimtia moyo.

"Bado, kaka," walimwambia kila alipopita. "Uso bado mkavu."

Aliyekuja kumwokoa alikuwa Katibu wa mji, Bwana Kibindu, mtu mwembamba mwenye koti lililofungwa vifungo vyote, anayependa sheria kama wengine wanavyopenda mpira.

"Karibu sana, mgeni wetu," alisema. "Sheria zetu si kali. Ila tunazitumia."

Akampeleka kuona daraja. Lilikuwa daraja zuri la zege, lenye kingo za chuma, na chini yake palikuwa pakavu, pameota mchicha. Lukanga aliuliza mto uko wapi. Katibu akamwonyesha ramani ya serikali: mto ulipita hapohapo, umechorwa kwa wino wa bluu.

"Lakini haupo," alisema Lukanga.

"Ramani ina mhuri, bwana. Mto hauna."

Wakati huohuo watu walikuwa wakija kwa mstari na ndoo za maji, wanacheka na kusukumana. Kwa heshima ya mgeni walizimwaga zote kwa pamoja upande wa juu, na mto wa Mwitiko ukapita chini ya daraja kwa muda wa kutosha mtu kunywa kikombe cha chai. Mabata wawili waliokuwa wakingojea siku hiyo wakaingia majini. Lukanga aliandika: mto upo, ni wa msimu. Alijisikia vizuri kuliko alivyotarajia.

Ndoo zile zote zilitengenezwa na mtu mmoja, Mzee Pazi, mfua bati, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, ng'ambo ya daraja. Alikuwa mjane, mcheshi, na kiziwi karibu kabisa, maana bati alilofua tangu ujana lilikuwa limemmaliza masikio. Ukimsalimu alikujibu kwa kukisia, na mara nyingi alikisia jambo zuri kuliko ulilosema.

Mlima nao walikuwa wameutengeneza wenyewe. Kila wanaooana sharti walete kikapu kimoja cha udongo, wakimwage juu ya kilima kilicho nyuma ya kipilefti, na ndoa inaandikwa hapo. Kwa miaka na miaka ya harusi kimekuwa kilima cha kweli, chenye nyasi na njia ya kupandia. Mume na mke wakigombana, mmoja husikika akitishia kwenda kuchukua udongo wake. Hajapata mtu kuweza, kwa kuwa hakuna anayeutambua udongo wake tena katika ule wa wenzake.

"Mpaka wa mji je, uko wapi?" aliuliza Lukanga, kalamu mkononi. "Na watu ni wangapi?"

"Hayo mawili ni swali moja," alisema Katibu. "Ngoja Siku ya Mwito."

Basi ilivyo ni hivi. Mwitiko hawachori mpaka wala hawapiti nyumba kwa nyumba. Kila mwaka, Siku ya Mwito, hesabu huanza upya: asubuhi Mwitaji wa mji hupanda kilimani na kuita jina la kila mtu. Mji unaishia pale sauti yake inapoishia. Usipomsikia, wewe ni wa kwingine. Na ukiitwa, hujiitikii. Mwenzako ndiye anayekuitikia, kwa kusema "Yupo," na kutoa ushahidi mmoja. Katibu hapo hutumbukiza harage moja ndani ya chungu.

"Kwa nini mtu asijiitikie mwenyewe?" aliuliza Lukanga.

Katibu alimtazama kwa huruma. "Kila mtu atasema yupo, bwana. Hata mwizi husema yupo, kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Sisi tunataka kujua nani ameonekana."

Jioni maharage yale huhesabiwa, halafu hupikwa. Idadi ya watu wa Mwitiko huliwa kwa wali, na wote hushiba.

Mwitaji alikuwa Bi. Mwantumu binti Kondo. Lukanga alifikiria angekutana na mtu mkubwa kama mlango. Akakuta mama mfupi, mnene kidogo, mwenye kanga iliyofungwa vizuri na macho ya kuchokoza, anachambua mchele kwenye ungo. Alipofungua kinywa kumwita jirani amletee chumvi, kuku wa mtaa mzima waliruka.

"Umeona?" alisema jirani huyo, Bi. Nyamizi, akija na chumvi na hasira zake. "Andika hilo, bwana wa serikali. Andika kwamba kuku wangu hawatagi kwa sababu ya huyu mtu. Nimelalamika mpaka nimechoka."

"Hawatagi kwa uvivu," alisema Bi. Mwantumu. "Wamemwiga mwenyewe."

Walikuwa na ugomvi wao huo tangu wasichana, na chumvi ilikuwa inapita kila siku palepale juu ya ua.

Lukanga alimpenda mara moja, kama watu wote. Akamuuliza maswali yake ya kazi, na kati ya hayo akauliza moja ambalo lilimtoka tu, bila kufikiri.

"Na wewe, mama, nani anakuita?"

Bi. Mwantumu aliacha kuchambua. "Mimi siitwi, mwanangu. Mimi ndiye ninayeita."

"Kwa hiyo wewe huhesabiwi?"

"Sijapata kuhesabiwa tangu nishike kazi hii. Mwitaji lazima awe mtu ambaye hahesabiwi hapa. Akihesabiwa, atajipendelea. Ndivyo sheria inavyosema, na ndivyo alivyokuwa Mwitaji aliyenitangulia. Yeye alizikwa kwa heshima zote, pale nje ya mpaka." Alisema hivyo kwa utulivu kama anayetaja bei ya nyanya. Halafu akainamia ungo, na sauti yake ikawa ndogo kwa mara ya kwanza. "Zamani sikujali. Sasa najali. Mzee Pazi kaniposa."

Hapo ndipo Lukanga alipoelewa ukubwa wa jambo. Katika Mwitiko wanaooana ni watu waliohesabiwa tu. Pazi akimuoa Bi. Mwantumu, kisheria atakuwa hakumuoa mtu. Kikapu chao cha udongo kitarudishwa. Tena Katibu alikuwa ameshamwonya Pazi kwamba akionekana anaongea na mke huyo hadharani, itaandikwa kwamba anaongea peke yake.

"Kwa nini Pazi?" Lukanga aliuliza. "Hasikii hata salamu."

Bi. Mwantumu akacheka, na haya zikampanda usoni, mama mtu mzima. "Ndiyo sababu. Aliniambia, 'Mwantumu, dunia yangu ni kimya. Sauti iliyobaki ni yako.' Sasa niambie, mtu akikwambia hivyo utamjibu nini?"

Lukanga mwenyewe hakuwahi kuambiwa kitu kama hicho.

Baraza liliitishwa kesho yake. Watu wote walikuwa upande wa Bi. Mwantumu, na ndiyo maana mjadala ulikuwa mgumu, kwa sababu kila mmoja alitaka kumsaidia kwa njia yake na hakuna njia iliyofaa. Mmoja alisema ajiuzulu. Akaulizwa nani ataita, na wote wakaanza kutazama miguu yao, kwa kuwa atakayeshika kazi ndiye atakayepotea kwenye hesabu. Mwingine alisema ajiite mwenyewe, aseme jina kisha ageuze kichwa, kama vile kaita mtu mwingine. Bwana mmoja aliyesoma sana alisema tatizo hili haliwezi kuwapo, kwa kuwa mtu asiyehesabiwa hana tatizo, na alikaa chini akiwa ameridhika kabisa.

Bi. Mwantumu mwenyewe hakuruhusiwa kusema, kwani barazani husema waliohesabiwa. Alikaa dirishani akikohoa kila palipokuwa na ujinga, na alikohoa sana.

"Sheria iko wazi," Katibu Kibindu alisema mwisho, na alisema kwa masikitiko, maana hata yeye alikuwa amekula wali wa mama yule. "Aitaye awe mtu asiyehesabiwa Mwitiko. Hapa ndani wote tumehesabiwa. Nitampata wapi mwingine?"

Lukanga alikuwa ameketi nyuma, anaandika. Aliinua mkono. Alisema jambo, na hakuna aliyemsikia. Alirudia. Bi. Nyamizi, aliyekaa karibu, akasimama na kusema kwa niaba yake.

"Huyu anasema yeye hahesabiwi hapa."

Baraza zima liligeuka. Katibu alifungua vifungo viwili vya koti, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Ni kweli," alisema polepole. "Ni kweli kabisa. Mgeni hahesabiwi. Mama aite wote kwanza, akiwa bado hajahesabiwa, na mgeni amwite yeye mwisho."

Furaha iliyolipuka pale usiniulize. Lakini Katibu hakuwa amemaliza. Jina huitwa mara moja tu, alikumbusha, mwito haurudiwi. Na lazima usikike hadi mpakani, yaani mpaka nyumbani kwa Pazi. Usipofika, au ukifika usiitikiwe, jina hilo limefutwa na haliitwi tena maisha. Watu walimtazama Lukanga, wakaitazama shingo yake nyembamba, na furaha ikapungua kidogo.

Basi Bi. Mwantumu akawa mwalimu wake. Kila asubuhi walikwenda shambani, akamsimamisha miguu mbali mbali.

"Unaitia puani. Ishushe tumboni."

"Nimeishusha, mama."

"Hiyo uliyoishusha ni barua. Usimwite mtu kama unamwandikia. Mwite kama chakula chake kinapoa."

Lukanga aliita mihogo, akaita vichuguu, akaita wakubwa wake wa kazi mmoja mmoja, na hao walimtoka vizuri kuliko wengine. Sauti ilipasuka, ikarudi, ikapasuka. Alikula tangawizi mbichi mpaka machozi yakamtoka. Jambo la ajabu ni kwamba alifurahi. Alikuwa hajapiga kelele tangu utoto, na alipoanza aliona kama amevua viatu vilivyombana miaka yote hiyo.

"Ukishindwa," Bi. Mwantumu alimwambia siku ya mwisho ya mazoezi, "usije ukajilaumu. Nimeishi bila kuhesabiwa na sikufa."

Alisema akitabasamu, lakini alikuwa analisokota pindo la kanga, na Lukanga aliliona pindo lile.

Siku ya Mwito hapakuwa na upepo. Mji wote ulijipanga mitaani na milangoni, na Katibu akakaa kilimani na chungu chake. Bi. Mwantumu alipanda, akashika kiuno, akaanza. Lukanga alikuwa hajawahi kusikia kitu kama kile. Majina yalitoka mazima, yakapita juu ya mabati, yakafika daraja na kuvuka. Na majibu yalirudi kutoka kila kona.

"Yupo. Jana kanikanyaga kidole msikitini."

"Yupo. Nimemsikia anakoroma, na nyumba yangu haipakani na yake."

"Yupo. Ana deni langu la hadithi, kaniachia katikati."

Kila jibu, harage. Alipoitwa Pazi, jirani yake aliitikia kwamba yupo, amevaa shati jipya na amelivaa nje ndani. Watu walicheka mji mzima. Hata Katibu alitumbukiza harage huku anatetemeka mabega.

Jina la mwisho lilipoisha, Bi. Mwantumu aliteremka. Alikwenda akasimama kati ya watu, pale penye genge la nyanya, na hakujua mikono aiweke wapi. Hakuwahi kusimama upande ule.

Lukanga alipanda. Miguu mbali mbali. Akaishusha tumboni, akafikiria chakula kinachopoa, akaita.

"Mwantumu binti Kondo."

Ikatoka. Jamani, ikatoka. Ilipasuka kidogo pale kwenye "Kondo," lakini ilikwenda, ikapita juu ya mabati, ikagusa daraja, na jirani wa Pazi kule ng'ambo aliinua mkono kuonyesha kwamba imefika.

Kisha hakuna aliyeitikia.

Hapo ndipo watu wa Mwitiko walipofanya kosa ambalo ni wao tu wangeweza kulifanya. Kila mmoja wao alikuwa na jibu lake tayari, kalitengeneza vizuri, wengine walikuwa wamelifanyia mazoezi. Lakini kila mmoja aliona si adabu kumtangulia Pazi. Mchumba ndiye wa kuitikia. Kwa hiyo mji mzima ulinyamaza kwa heshima ukimngojea Pazi, na Pazi alikuwa amesimama mlangoni kwake anatabasamu, hajasikia kitu. Sauti pekee aliyokuwa akiisikia duniani ilikuwa imeteremka kilimani.

Katibu alishika harage hewani. Sheria haikusema angoje kiasi gani, na kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba sheria ina tundu. Lukanga alitaka kuita tena, akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Kule chini Bi. Mwantumu aliinamisha kichwa. Alilishika pindo la kanga yake, akageuka kama mtu anayetaka kwenda zake nyumbani.

"Yupo," alisema mtu kwa hasira.

Alikuwa Bi. Nyamizi.

"Yupo, na kuku wangu hawatagi kwa sababu yake. Nani mwingine kaniamsha kila siku ya maisha yangu? Anaondoka kwenda wapi? Mwantumu, rudi hapa. Yupo, nimesema."

Harage lilianguka ndani ya chungu. Lililia *to*, na wote wakalisikia.

Baada ya hapo hapakuzuilika kitu. Yupo, alinifundisha kufunga kanga. Yupo, alikaa na mama yangu alipougua. Yupo, alipoita jina langu mara ya kwanza nilikuwa mchanga mgongoni. Yupo, yupo, yupo, kutoka mitaani, milangoni, juu ya mapaa, hata yule bwana aliyesoma sana. Harage lilikuwa ni moja tu, lakini watu hawakujali. Mlio ule ulikuwa mkubwa hata Pazi akausikia kifuani. Alitazama huku na huku, akaona midomo ya watu, akaelewa. Akachukua nyundo, akaipiga ndoo mpya, na yeye akaitikia wa mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani.

"Yupo. Namsikia."

Bi. Mwantumu alilia papo hapo, mbele ya nyanya, bila kujificha. Halafu akamwambia Bi. Nyamizi kwamba kuku wake ni wavivu vilevile. Alasiri hiyohiyo yeye na Pazi walipeleka kikapu chao, wakakizunguka kipilefti kushoto kushoto, na mlima wa Mwitiko ukaongezeka. Jioni maharage yakahesabiwa, yakapikwa. Lukanga aliandika idadi yake haraka kabla sufuria haijachemka, kisha akala sahani mbili.

Alipoondoka asubuhi, watu walimmwagia mto tena. Alivuka daraja na begi lake, akimwazia mkuu wa Idara na zile kurasa mbili. Alikuwa hajaipita nyumba ya Pazi aliposikia nyuma yake, kutoka kilimani, sauti ile aliyoijua.

"Shaweji Lukanga."

Alisimama. Upepo ulimletea malalamiko ya Katibu kutoka kilimani, kwamba Siku ya Mwito imepita, tena mgeni akihesabiwa si mgeni tena na hatoweza kuita, na mwakani nani atamwita Mwitaji. Bi. Nyamizi alimjibu kwamba watatafuta mgeni mwingine, na tangu sasa wawe wanawapikia wageni vizuri.

Lukanga alifungua mdomo, akaufunga. Sheria ni sheria, na mtu hajiitikii. Akaweka begi chini, akainama, akangojea kama mtoto anayesubiri kuchaguliwa kwenye timu. Pale mlangoni Mzee Pazi, ambaye hasikii kitu, aliweka nyundo chini na kugeukia kilimani kwa mke wake.

"Yupo," aliitikia. "Kasimama hapa darajani, anajifanya anafunga kamba za viatu. Lakini huyu kavaa ndala."